Muulize Mjomba: Mikorosho minne ya bibi jirani

Wapwa zangu, mwezi huu maswali yamekuja mengi, wengine mmeandika meseji, wengine mmetuma sauti za dakika sita sita mpaka mjukuu wangu anayeniandikia akachoka, nimechukua manne tu. Sijui mmeambizana au vipi maana yote yanazunguka palepale, nani alitoa nini na nani kabaki. Labda ni kwa vile msimu wa korosho ndo unaishia, hela zikishaingia benki na maneno nayo yanaingia ndani ya nyumba.

SWALI: Mjomba shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 34, kwetu Newala ila kazi nafanya Dar. Babu mzaa mama alifariki mwezi wa kumi na moja katikati ya msimu, mzigo wake wa korosho ukiwa umeshapelekwa kwenye chama cha ushirika. Shamba lina mikorosho kama 60, ila pembeni ya njia kuna minne ambayo miaka yote anaokota bibi mmoja jirani, sio ndugu yetu, na babu hakuwahi kumkataza. Korosho za yule bibi babu alikuwa anazipeleka pamoja na zake kwa jina lake yeye, hela ikiingia anamtolea. Sasa wajomba wamekaa wamesema ile ilikuwa huruma ya mzee, mzee kaondoka na huruma yake, mikorosho irudi. Mi nimekuta daftari la babu, ukurasa wa mwisho kaandika kwa penseli jina la yule bibi na mbele yake "kilo 96", hajaweka alama ya vema kama alivyoweka miaka ya nyuma akishamlipa. Wajomba wanasema daftari sio hati. Nifanyeje bila kuonekana nawafundisha wakubwa?

JIBU: Marahaba mpwa wangu, na poleni sana na msiba. Hapo umechanganya vitu viwili kwenye kapu moja na wajomba zako nao wamechanganya hivohivo, ndo maana kikao hakiishi. Kuna mikorosho minne, na kuna kilo 96. Tuanze na hizo kilo.

Hizo sio huruma, hizo ni mali ya mtu. Wasomaji wetu wa mbali labda hawajui mambo yanavoenda huku, tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007 mkulima hauzi korosho barazani kwake tena, anaanika, anachambua, anapeleka chama cha msingi, zinapimwa, anapewa risiti, zinaenda ghala kuu zinasubiri mnada na hela inaingia benki kwenye jina lile lililoandikwa kwenye risiti. Sasa bibi kizee wa miaka sabini na kitu hana akaunti, namba ya mkulima hana, simu yenyewe anapigiwa na mjukuu, huyo anafanyaje? Anapitishia kwa mtu anayemwamini. Na asipokuwa na wa kumwamini anaenda kwenye kangomba, yani yule jamaa anayekuja na bakuli lake kabla minada haijaanza, wakati ndani hamna hata unga, anapima bakuli limejaa mlima anakulipa kama amekuokotea yeye. Babu yako alimwepusha yule mama na bakuli, miaka yote hiyo, bila kumkata hata shilingi kama vema zile zinasema kweli. Hiyo ni amana, na aliyeshikishwa amana akifa amana haigeuki kuwa urithi wa wanawe.

Kwahiyo mtakapoenda Mahakama ya Mwanzo kumthibitisha msimamizi wa mirathi (na lazima mtaenda, maana benki haitoi hela ya marehemu kwa mtu aliyekuja na machozi tu) huyo msimamizi kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, alafu ndo agawe. Madeni kwanza. Kama nyie ni Waislamu, Sura ya Nisaa imeshasema mgao unakuja baada ya wasia na deni. Kama ni watu wa kanisani, na sheria ya serikali ni vivyo hivyo, deni linatangulia. Chukueni risiti ya chama, angalieni mnada ule kilo ilienda shilingi ngapi, toeni makato, zidisheni kwa 96, ipo. Msimu wa 2024 bei ilivuka elfu nne mwanzoni, sijui mzigo wa babu uliangukia mnada gani lakini hata kwa bei ya chini hiyo ni hela ya bati na unga wa bibi mpaka mvua ziishe.

Kuhusu kuwafundisha wakubwa, hilo usijaribu. Ukisimama kwenye kikao na daftari mkononi kama karani wa kodi umeshindwa kabla hujafungua mdomo. Mfuate mjomba mkubwa peke yake jioni, beba sukari, kaa naye kwenye mkeka mpaka maongezi ya msiba yaishe, alafu mwambie mjomba nimekuta mwandiko wa babu hapa siuelewi, nisomee. Mpe daftari ashike yeye, afungue ya mwaka juzi, ya mwaka ule mwingine, azione zile vema za penseli. Wewe nyamaza kabisa. Mtu akishaliona jina na namba kwa mwandiko wa baba yake mwenyewe ni ngumu sana kusema sio hati.

Sasa mikorosho. Kabla mtu hajasema huruma naomba mtafute jambo moja, nani aliipanda, na pale mlipo mlifikaje. Nyie vijana mnaona shamba mnadhani lilikuwa hapo tangu Nuhu. Mwaka 1973/74 nchi hii ilitoa korosho tani kama 145,000, alafu ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa wakapangwa barabarani, mikorosho ikabaki huko porini kilometa na makilometa, mwenye shamba akienda kupalilia jua limeshamchwea, ukaja na ugonjwa wa ubwiri unga, bei nayo ikawa haina maana, mpaka msimu wa 1986/87 nchi nzima haikufikisha tani 20,000. Kwenye kuhamishwa huko watu waliangukia kwenye ardhi za watu wengine. Serikali ilisema kaeni hapa, lakini pale palikuwa na wenyewe, na hao wenyewe ndo walisema haya, lima kuanzia mti ule mpaka kichuguu kile. Hakuna karatasi, kuna mtu alionyesha kidole.

Mi nimekaa kwenye kikao kimoja, sitasema kijiji, watoto wanataka kumfukuza mama mmoja kwenye mikorosho, wanasema baba yetu alimwonea huruma, kelele, mpaka kikongwe kimoja kilichokuwa kimekaa nyuma karibu na kuku kikauliza hivi nyie mnajua baba yenu alilala kwa nani mwaka aliokuja na godoro na watoto wawili? Basi. Kumbe ardhi yote ile ya kijiji upande ule ilikuwa ya ukoo wa yule mama, na ile mikorosho michache aliyokuwa anaokota ndo ilibaki ya kwao, wageni walioneshwa iliyobaki. Kikao kilivunjika watu wanatafuta viatu.

Sisemi kwenu iko hivo. Nasema kamuulize yule bibi, na usiulize kama polisi, nenda kamsalimie, mpe pole na yeye, maana nakuhakikishia katika watu waliofiwa hapo kijijini na yeye yumo ila hakuna aliyemshika mkono. Atakusimulia mwenyewe.

Na ikionekana kweli alikuwa hana haki yoyote, ilikuwa ni roho ya babu tu? Basi rai yangu ni aendelee kuokota mpaka Mungu atakapomchukua. Minne kati ya 60, na bomba la kupulizia likishapita shambani dawa ya salfa ya mikorosho minne ni kitu gani. Lakini andikeni. Najua wajomba zako hawaogopi kilo 96, wanaogopa wajukuu wa yule bibi, kwamba kesho watasema mikorosho ya bibi yetu na pale chini ya mikorosho ni petu. Hiyo hofu ina maana, mi siwalaumu. Kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo wekeni mstari mmoja, bibi fulani ataokota katika mikorosho minne ya njiani kwa maisha yake, shamba ni la ukoo, mwenyekiti wa kitongoji asaini, yule bibi aweke dole gumba, kila mtu alale. Babu yenu hakuandika kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ndo maandishi. Nyie sio babu.

SWALI: Mjomba shikamoo, mi ni mama wa watoto watatu niko Lindi mjini. Mama yangu yupo kijijini njia ya kwenda Kilwa, anakaa na mjukuu. Mimi na kaka zangu tunamtumia laki moja kila mwezi kwenye simu. Ikifika saa kumi imeingia, saa mbili usiku imeisha. Kampa huyu ya dawa, kampa yule nauli, watoto wa madrasa kawapikia uji, kachangia msiba wa mtu hata hamjui. Wiki iliyopita nimeenda ghafla nikamkuta anakula ugali na kisamvu hakina hata nazi, Mjomba, kwenye kijiji chenye minazi! Kaka anasema tusimtumie tena hela tumnunulie vitu. Wewe unasemaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hicho kisamvu bila nazi kimeniuma na mimi, tusidanganyane.

Nikuulize kwanza, mwaka aliougua ule, maana mama wa umri huo lazima kuna mwaka aliugua, nani alimfikia kabla yenu? Nani alimbeba kwenye pikipiki? Nyie mlifika kesho yake mchana mkiwa na machungwa, mkaona mama yuko hai mkamshukuru Mungu, na ni sawa, lakini kuna mtu aliamka saa nane usiku. Mama yako anamjua huyo mtu. Huko ndo laki yenu inakopita.

Kaka yako akipeleka kiroba cha unga na mafuta dumu akafunga na hela, mnajua kitakachotokea? Atagawa unga. Atapima kwa kikombe, huyu viwili, yule vitatu, na mafuta kwenye chupa ya soda. Na siku ya msiba atakaa pembeni kwa aibu kwa vile hana cha kutoa, mkononi hana hata buku la ubani, mwanamke ambaye miaka arobaini anatangulia. Hiyo aibu nyie hamtaiona kwa sababu hamtakuwepo.

Mi nilichofanya kwa mama yangu, nikuibie siri, nilikuwa natuma mara mbili. Tarehe moja inaingia hela ya mama, tarehe kumi na tano inaingia hela ndogo nimeipa jina kabisa, namwambia mama hii ni ya watu wako. Akacheka sana, akasema kwahiyo ile nyingine sio ya watu wangu? Lakini ilisaidia kidogo, kidogo tu nasema, ilimfanya awe na sababu ya kumwambia mtu "subiri tarehe kumi na tano". Na ya nazi mpe yule mjukuu, mwambie kisamvu kisipikwe bila nazi nyumba hii, kazi yake.

Alafu nenda ukakae siku tatu. Sio ghafla na kurudi. Uone wanaokuja. Kwa sababu kuna watoaji na kuna kupe, na kwenye watu kumi wanaopiga hodi saa kumi na moja jioni siku hela imeingia, wawili hivi wanaijua tarehe kuliko wewe. Hao unawasalimia vizuri tu, unakaa mlangoni, unawauliza habari za nyumbani mpaka wanaaga.

SWALI: Mjomba, mi ni mzee mwenzio wa Masasi, umri 71. Nina ekari nane. Nataka wajukuu wangu wawili wa binti yangu, ambao ndo wananihudumia, wapate ekari mbili. Watoto wangu wa kiume wapo mjini hawaji. Niandike wasia au niwape sasa hivi? Mimi ni Muislamu.

JIBU: Mzee mwenzangu nakujibu haraka maana hili shehe wa hapo kwenu anaweza akakueleza vizuri kuliko mimi. Wajukuu wa binti, wakati watoto wako wa kiume wapo, hawana fungu la urithi kwako, kwahiyo wasia kwao unaruhusiwa ila wasia wote kwa jumla usivuke theluthi moja ya mali. Mbili katika nane ni robo, upo ndani kama ardhi ndo mali yote na hujausia kitu kingine. Ukitaka kuwapa ukiwa hai hiyo ni hiba, ila hiba ni ya kukabidhi kweli, uwakate mpaka, wapande wao, wavune wao, sio unasema nimewapa huku bado unauza wewe. Na kwa vile ni ardhi ya kijiji pitisha halmashauri ya kijiji, wakatiwe hati ya hakimiliki ya kimila kwa ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, usiishie kwenye maneno ya mdomo na mashahidi wawili ambao na wao wana miaka 71.

Nyongeza moja sijaulizwa. Waite hao wa mjini uwaambie ukiwa unatembea. Wakinuna wanune mbele yako.

SWALI: Mambo Mjomba (samahani, shikamoo). Mi niko chuo, nimezaliwa Mtwara mjini. Wazee kila siku mnatusema kizazi chetu hakina utu, tunapiga picha chakula badala ya kumkaribisha mtu. Nijibu kweli, zamani watu walikuwa wakarimu hivo au ni stori tu za wazee?

JIBU: Marahaba hata kama imechelewa. Nitakujibu kweli kama ulivotaka.

Mwaka 1998 mvua zile za El Nino zimeshaharibu kila kitu, mi nilikuwa natoka Mtwara kwenda Dar kwenye lori, nimekaa juu ya magunia. Daraja la Mkapa halikuwepo, lile limefunguliwa 2003, tulikuwa tunavuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na kufika kwenyewe Ndundu kutoka Somanga, kilometa 60 tu nyie leo mnazipita hata wimbo haujaisha, ilikuwa ni tope. Sio tope la viatu, tope la ekseli. Tulikwama siku nne, magari kama ishirini yamejipanga.

Siku ya pili chakula cha watu kimeisha. Wakaja wenyeji, na hapa ndo nataka usikilize vizuri kwa sababu wazee wenzangu wakisimulia wanaruka. Alikuja kijana mmoja na ndoo ya maji anauza kikombe, na kila saa bei inapanda, jioni kikombe kimoja cha maji ya kisimani kilikuwa na bei ya soda mbili. Mama mwenye mtoto mgonjwa alilipa kama sisi. Kwahiyo hao wa zamani unaowasikia, na huyo yumo, saa hizi ni mzee wa heshima huko aliko, na labda anawasema vijana.

Alafu jioni ileile akaja mwanamke kabeba ungo kichwani, ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya huku kwetu, imefunikwa na jani la mgomba. Tukajua anauza, mtu akatoa hela. Hakupokea. Alishusha ungo chini akaanza kumenya mwenyewe, vidole vyeusi kwa udongo wa kuchimbia, maana ming'oko unajua inavochimbwa, unaweza kushinda siku nzima porini unapata ungo mmoja, na huo wa kwake ndo ulikuwa huo. Akaanza kugawa kwa watoto. Wakubwa tukapewa vipande viwili viwili na chumvi kidogo. Mi nilikuwa na noti mfukoni nikaona aibu kuitoa na nikaona aibu kutoitoa. Kesho yake akaja tena. Siku ya nne hakuja, tukaambiwa kaenda kuchimba mbali.

Jina lake sikuuliza, ndo kitu kinachonisumbua. Tuliponasuka watu walishangilia tukarukia juu ya magunia, hakuna aliyegeuka nyuma.

Kwahiyo jibu langu, mwuza maji na mwenye ungo walikuwa kijiji kimoja, mwaka mmoja, jioni moja. Na nyie hivohivo. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita barabara ile ikakatika tena upande wa Somanga, magari yakasimama, na wale waliokuwa na simu za kupiga picha chakula ndo haohao niliowaona wanaandikiana gari gani lina watoto na nani ana maji. Mwingine bila shaka aliuza maji. Sijui, sikuwepo.

Huwa napita pale kwa basi, lami tupu. Mwaka juzi nilimwambia konda anishushe kidogo nikaulizie, nina umri huu wote, nikamweleza kwamba kuna mama alitulisha hapa zamani. Akaangalia nje, akaniangalia mimi, akasema mzee hapa sio stendi.